Kibuyu cha Serikali

Jumatatu, 6 Juni 1988

Mkufunzi wetu kule chuoni alituambia kwamba kiongozi wa mageuzi lazima aandike shajara, hata siku ambayo hakuna la kuandika. Haya bwana, naandika. Leo nimeanza kazi kama Mkuu wa Polisi wa wilaya hii, na la kuandika lipo: kituo kinanuka pombe.

Sisemi askari wamelewa. Walisimama paredi wima, buti zinang'aa. Aliyelala ni Landrova peke yake, juu ya mawe, hana matairi. Lakini nilipoingia kaunta nikaona chini ya benchi la walalamikaji vibuyu sita vimezibwa kwa majani ya mgomba. Nikauliza ni vielelezo vya kesi gani. Askari wakatazamana. Akajibu Koplo Melkiory, mkongwe wa kituo, ambaye tumbo lake huingia mlangoni kabla yake.

"Hivyo si vielelezo, afande. Ni vibuyu vya serikali."

Ala! Serikali gani hiyo inayokunywa?

Akanieleza bila haya. Huku kwa Wanyambo kila nyumba inayokamua rubisi, pombe ya ndizi, hutenga kibuyu kimoja. Zamani kilikuwa cha Mkama, mtawala wa jadi. Wakama walipoondolewa kibuyu hakikuondolewa, kikabaki kinatafuta mwenyewe, akapatikana askari. Nyumba ikikamua, askari hupelekewa habari. Hufika, huketi, hunywa na wenye nyumba, na kinachobaki hubeba.

"Ndiyo doria yetu hiyo," akamaliza.

Mimi ni Mhaya wa Kanyigo, rubisi sifundishwi na mtu. Baba yangu aliinywa mpaka nayo ikamnywa yeye. Sijawahi kuitia kinywani na sina mpango huo. Nimekuja na waraka wa mageuzi kutoka makao makuu. Wilaya hii imechaguliwa kuwa ya mfano, na mimi ndiye wa kuufanya mfano huo uonekane. Nadhani nimeshapata pa kuanzia.

Jumatano, 8 Juni

Vumbi. Simu ya upepo haishiki. Sauti ya mkoani inafika vipande vipande.

Jumamosi, 11 Juni

Nimesoma amri zangu paredi na kila askari ametia sahihi. Kwanza, askari asile wala asinywe chochote nyumbani kwa raia. Pili, kila shida iletwe kaunta na kufunguliwa jalada. Mambo ya kumalizana nyumbani yamekwisha. Tatu, kila anayefika kaunta aandikwe jina, kijiji na uraia wake kwanza, ndipo aseme kilichomleta. Wakaitikia "Ndiyo afande!" kwa sauti moja, mpaka kunguru wakaruka.

Baadaye Melkiory akanifuata ofisini.

"Afande, kile kibuyu ndicho kinachotutembeza. Toka hapa mpaka Nyakasimbi ni mguu mtupu. Askari atakuwa anafuata nini?"

"Anafuata sheria."

"Sheria haina povu, afande."

Nikamtoa nje. Vile vibuyu sita vimerudishwa kwa wenyewe. Watu wengine wamezoea uchafu mpaka wanauona samani ya nyumba.

Jumapili, 19 Juni

Mke wangu Costansia hupata habari za mji kabla yangu. Tumetoka kanisani akaniuliza, "Unajua sokoni wanakuitaje? Afande Maji."

Nikafurahi. Nikasema maji ni kitu safi.

"Hawakumaanisha usafi," akasema. "Wanasema umekuja kuizimua wilaya."

Nimecheka. Atakayenipenda katika mwezi wa kwanza huyo ana lake jambo.

Jumatatu, 27 Juni

Uchumaji wa kahawa umeanza. Malalamiko yaliyofika kaunta mwezi huu hayafiki hata nusu ya mwezi uliopita. Nimepeleka takwimu mkoani kwa simu ya upepo. Kamanda ameniambia nirudie, nikarudia, akasema, "Safi sana." Sijalala vizuri hivi tangu nifike.

Jumamosi, 2 Julai

Leo nimetoa somo.

Saa nne alifika mama mmoja wa Nyakasimbi, jina lake Kokugonza, kibuyu kichwani. Alipiga magoti kunisalimu, kibuyu hakikutikisika.

"Shikamoo waitu, bwana mkubwa. Nimemletea koplo kibuyu chake. Mara mbili tumekamua hajaja. Nikasema labda anaumwa."

"Marahaba. Koplo haumwi. Koplo amekatazwa."

"Nani amemkataza?"

"Mimi."

Akafikiri. Halafu akasema taratibu, "Basi uje wewe, waitu."

"Nije nifanye nini?"

"Unywe."

Askari wa kaunta wakaangua kicheko. Mimi nikapanda hasira, nikamwuliza kama anajua kumpa askari pombe ni hongo. Hakujibu habari ya hongo. Alieleza, macho chini, kwamba mume wake Yustus si mtu mbaya akiwa mkavu. Ila siku ya rubisi, wageni wakishaondoka, mkono wake unamtafuta mke. Lakini askari akiwa ameketi pale nyumbani, mkono unabaki kwenye mrija. Na koplo akianza haondoki mpaka kibuyu kikauke, na Yustus husinzia kabla yake.

"Mwaka wa nne huu sijapigwa siku ya rubisi," akasema. "Mara mbili hizi nimepigwa."

Nikamgeukia Melkiory. Alikuwa mlangoni, mdomo wazi.

"Wallahi sikujua, afande," akasema. "Mimi nilikuwa nafuata rubisi tu."

Nikamwambia yule mama kwamba kupigwa ni kosa la jinai, na kwamba hiyo ndiyo kazi ya amri yangu ya pili. Atoe maelezo, nitamkamata mume wake leo hii.

"Nikifungua kesi, waitu, jioni nalala wapi?"

"Sheria itakulinda."

"Inakuja nyumbani saa ngapi?"

Wakacheka tena. Hapo nikaona nisipofanya jambo mageuzi yatafia pale kaunta. Nikatwaa kile kibuyu, kina ufa mdomoni, nikatoka nacho nje, nikawaita askari wote, nikakimwaga chini mbele yao mpaka tone la mwisho. Nikawaambia hivi ndivyo serikali mpya inavyokunywa. Kokugonza alisubiri nimalize. Akaokota kibuyu chake, akakifuta mdomo kwa kanga, akapiga magoti kuniaga, akashika njia ya Nyakasimbi.

Askari wameona sina mchezo. Ila nyuki wamejaa pale nilipomwaga na hakuna anayeweza kuingia kituoni.

Jumapili, 3 Julai

Costansia amenipa chakula na kukaa kimya. Nilipombana akasema, "Yule mwanamke amekaanga mtama, ameusaga, amesubiri ndizi ziive shimoni, amebeba kibuyu tangu alfajiri kuja kuomba ulinzi. Umeumwaga chini ukautolea na hotuba."

Nikamwambia mimi ni polisi, si mlinzi wa nyumba ya mtu.

"Haya, Maji," akasema. Ni mara ya kwanza ananiita hivyo.

Jumamosi, 9 Julai

Askari wangu wamegeuka watu wa benchi. Asubuhi wanaketi kaunta wamejipanga kama wagonjwa wa zahanati, jioni wanainuka. Nimetoa amri ya doria ya miguu. Wanakwenda mpaka Omurushaka, wanasimama barabarani kutazama mabasi, wanarudi. Ripoti zao zote zinasema: hali shwari.

Nimemwuliza Melkiory kwa nini hawaingii vijijini.

"Tukibisha hodi tutasema nini, afande? Zamani tulikuwa wageni wa rubisi. Mgeni akiketi anaona mambo. Anaona ng'ombe asiye wa pale, anaona kijana mwenye redio mpya, anaona mama aliyevimba uso. Sasa tukifika bila sababu watu wanajua tumekuja kukamata. Wanakimbilia migombani, tunabaki na mbuzi."

"Wafundishwe kutowaogopa polisi."

"Ndiyo afande."

Sasa nimeijua hiyo "ndiyo afande" yao. Ni mlango unaofungwa polepole usoni mwako.

Jumamosi, 16 Julai

Askari wanne wameomba uhamisho. Wote wameandika sababu moja: tumbo.

Jumamosi, 23 Julai

Kamanda wa mkoa amekuja na maofisa wa wilaya nyingine ili wajifunze kwangu. Kaunta tupu, lokapu tupu, uwanja umefagiliwa. Alisimama katikati akasema, "Mnaona? Uhalifu umekimbia." Nilitaka kusema kwamba sijui uhalifu uko wapi, najua tu kwamba haupiti tena hapa. Nikawakaribisha mezani. Wamekuja kutoka mbali, na Costansia alikuwa amewapikia.

Mmoja wao, Inspekta Kahigi, kijana mlokole asiyekunywa hata chai, aliandika kila nililosema, nadhani hata nilipokohoa. Aliuliza kama kile kibuyu nilikimwaga mbele ya raia au mbele ya askari peke yao. Nikasema mbele ya wote. "Mungu akubariki, afande," akasema, akaandika.

Jumamosi, 30 Julai

Wakulima wamelipwa kahawa. Ukisimama mlima wa Nyaishozi unaona moshi kila kibanja cha migomba, watu wanavumbika ndizi. Ukame umekausha hata nyasi za uwanja wetu, lakini ndizi za pombe hazikosekani.

Nimemkumbuka yule mama. Nimemtuma konstebo Nyakasimbi akaulize habari zake. Amerudi na jibu: hali shwari. Buti zake hazikuwa na vumbi.

Jumamosi, 6 Agosti

Leo nimeiona amri ya tatu ikifanya kazi. Saa nane mchana kibarua mmoja, miguu peku, jasho linamtiririka, alifika kaunta mbio. Nilikuwa dirishani kwangu nasikia yote. Kabla hajafungua mdomo konstebo akamwuliza jina. Mbonimpa. Kijiji? Nyakasimbi. Umezaliwa wapi? Akatazama mlango. Burundi? Kibali kiko wapi? Yule mtu akasema, "Bwana, nimetumwa, kuna mama…" Konstebo akamwambia kibali kwanza. Akaanza kurudi nyuma, akageuka, akatoka mbio kama alivyokuja.

Konstebo aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Nilitoka nikampongeza.

Jumapili, 7 Agosti

Mungu wangu.

Wamemleta Kokugonza asubuhi kwa machela. Hospitali ya misheni ilikuwa karibu na kwao kuliko sisi, lakini majeruhi wa kupigwa hatibiwi bila fomu ya polisi, kwa hiyo walimpitisha njia yote hiyo, wamembeba begani, ili mimi nitie sahihi. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Jicho la kushoto sitaki kuliandika. Alikuwa na akili zake. Aliponiona alijaribu kusema shikamoo.

Niliijaza fomu mwenyewe.

Miongoni mwa wabebaji alikuwa yule kibarua, Mbonimpa. Alishika machela mpaka ukingo wa barabara, akampa mtu mwingine, akabaki ng'ambo. Hakuvuka. Nilimpungia mkono, akarudi nyuma. Nikamwita, akazidi kurudi. Mawe, mama yangu! Mkuu wa polisi nimesimama mlangoni pa kituo changu nambembeleza mtu avuke barabara, na hataki. Ikabidi Melkiory avue kofia, avuke yeye, wachuchumae pamoja kwenye mtaro. Alirudi baada ya muda mrefu.

"Anasema nini?"

"Anafanya kazi kwa Yustus, afande. Jana walikamua, wageni wakanywa tangu asubuhi. Walipoanza kuaga mmoja mmoja, mama akamtuma kwako mbio."

"Aseme nini?"

Melkiory akatazama kofia yake. "Alisema: mwambie Afande Maji aje. Hata asinywe. Akae tu."

Niliingia ofisini nikafunga mlango. Nimelia. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema. Jana nilimpongeza konstebo.

Mchana nilikwenda Nyakasimbi mwenyewe kwa lori la mfanyabiashara. Nilimkuta Yustus uani kwake anageuzageuza kahawa kwenye jamvi. Ni mtu mwembamba, mpole. Alipiga magoti. "Shikamoo afande. Karibu." Akamwambia mtoto alete kigoda. Nilikuja nimejiandaa kukutana na mnyama, nikaletewa kigoda.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimeambiwa asubuhi," akasema. "Mimi mwenyewe sikumbuki." Akanyoosha mikono yote miwili nimfunge pingu. Alinyoosha kama mtu aliyechoka kungoja. Watoto watatu walisimama mlangoni wakitazama. Kile kibuyu nilichomwaga kilikuwa kimetundikwa ukutani, nimekijua kwa ufa wake.

Jumatano, 10 Agosti

Jicho limeondoka. Costansia anampelekea uji.

Ijumaa, 19 Agosti

Wazee wa ukoo wamekuja, wa upande wa mume na wa upande wa mke, wamekaa benchi moja. Wanataka kesi ifutwe, wamalizane nyumbani. Niliwasomea amri ya pili. Walinisikiliza kwa adabu sana, wakasema wamesikia, na wakarudia ombi lao neno kwa neno.

Costansia amemwambia Kokugonza akitoka hospitali aje kukaa kwetu. Amejibu asante sana, lakini migomba yake haiwezi kuhamia kwetu.

Ijumaa, 26 Agosti

Mahakamani. Kokugonza amepanda kizimbani, mkono umefungwa, kitambaa jichoni, akasema alianguka kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Hakimu akamwuliza mara tatu. Mara tatu akaanguka kwenye mtumbwi. Yustus ameachiwa.

Nilimfuata nje. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

"Kwa nini umesema hivyo? Nilikuwa nimemkamata! Kesi ilikuwa imekamilika!"

"Umemfunga wiki tatu, waitu. Kahawa imenyeshewa umande, watoto wamelala njaa. Ungemfunga mwaka, angerudi mwaka huo ukiisha. Akirudi atakamua." Akanitazama kwa lile jicho lililobaki. "Mimi sikuomba afungwe. Niliomba mtu wa kukaa naye."

Jumamosi, 27 Agosti

Nimemwita Melkiory.

"Koplo, Yustus akikamua, nenda Nyakasimbi."

"Nikafanye nini, afande?"

"Unajua."

"Hapana afande, niambie."

"Ukanywe, bwana!"

Akasimama wima. "Siwezi, afande. Niliweka sahihi. Mwakani nastaafu, nikikutwa na mrija mdomoni kiinua mgongo kimekwenda. Labda uniandikie amri."

Nilichukua karatasi. Nimekaa nayo asubuhi nzima. "Unaamriwa kwenda kunywa pombe nyumbani kwa raia." Jaribu kuiandika sentensi hiyo huku juu yake pana nembo ya taifa. Nimeichana.

Jumatatu, 29 Agosti

Nimemwita Kamanda kwa simu ya upepo.

"Naomba kibali cha kulegeza amri ya kwanza, afande. Ova."

"Kibali cha nini? Rudia. Ova."

"Cha askari kunywa, afande. Ova."

Upepo ukavuma muda mrefu.

"Wewe ndiwe wilaya ya mfano," akasema. "Amri zako zimechapwa, zinakwenda mikoa yote. Pumzika kidogo. Ova na mwisho."

Nchi nzima! Nikaona askari nchi nzima wameketi kwenye mabenchi, hali shwari.

Jumamosi, 3 Septemba

Mbonimpa alipita asubuhi ng'ambo ya barabara, akasimama mpaka nikamwona, akaendelea na safari yake. Nikajua Yustus amekamua. Nikavaa sare, nikapanda baiskeli.

Nilifika, nikakaribishwa. Wanaume kama kumi walikuwa wameketi kuzunguka kibuyu kikubwa, wanacheka. Kicheko kikafa. Yustus akanipa kigoda kizuri na mrija mpya. Nikasema asante, mimi situmii, nimekuja kuwasalimu tu. Akainamisha kichwa. "Tunajua, afande. Ni Maji."

Hakuna aliyecheka. Nikauliza habari za kahawa, nzuri. Habari za mvua, bado. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa, akaaga. Mwingine akakumbuka mbuzi. Mtu anayeketi penye rubisi bila kunywa anahesabu midomo ya wenzake, hilo hata Kanyigo twalijua. Wakaondoka wote. Nikabaki mimi na Yustus, kibuyu katikati, na mishipa ya shingo ikimsimama. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wageni wake. Kokugonza alitokea mlangoni pa jikoni, mkono kifuani. Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba nikiinuka sasa hivi nitakuwa nimefanya vibaya kuliko kama nisingekuja.

Nikachukua mrija.

Nilimkumbuka baba. Nilikumbuka mama akituficha nyuma ya ghala. Nikavuta. Tamu kwanza, halafu chachu, halafu joto linashuka. Machozi yakanitoka, Yustus akadhani nimepaliwa, akanipiga mgongoni, akacheka. "Afande! Polepole!" Akapiga yowe kuwaita jirani. Yule mwenye mgonjwa akarudi, na mwenye mbuzi. Nikakaa mpaka Yustus akasinzia kigodani, kidevu kifuani. Kokugonza akamfunika shuka kwa mkono mmoja.

Nimesukuma baiskeli mpaka nyumbani, kuipanda nimeshindwa. Costansia amenusa, amenitandikia.

Jumamosi, 10 Septemba

Hawakukamua.

Jumamosi, 17 Septemba

Wamekamua. Nimekunywa. Hakupigwa.

Njiani mama mwingine wa Nyaishozi akanisimamisha: "Waitu, na sisi Jumatatu tunakamua." Nikamwuliza kwa nini ananiambia. Akainamisha uso, una uvimbe. Nikahesabu vijiji vya wilaya hii, nikaacha kuhesabu.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimekwenda Nyaishozi. Nimekunywa. Kichwa kinaniuma, na mikono inatetemeka asubuhi kama ya baba. Askari wangu wananitazama nikipita. Hakuna anayecheka. Hakuna anayenifuata pia. Melkiory peke yake aliniletea maji ya limau, akasema, "Pole kwa kazi, afande."

Jumapili, 25 Septemba

Mvua ya kwanza.

Jumatano, 28 Septemba

Barua ya uhamisho imefika. Natakiwa kuripoti mkoani, ghala la sare. Sababu: kukiuka amri ya kwanza, na wameinukuu yote, koma kwa koma. Niliiandika vizuri, sina pa kupenya. Sijui nani amepeleka habari, na sina haja ya kujua. Ningekuwa bado mimi yule wa Juni, ningezipeleka mwenyewe.

Anayekuja kushika nafasi yangu ni Inspekta Kahigi.

Jumamosi, 1 Oktoba

Naandika ndani ya basi, Omurushaka, tunangoja abiria wajae. Mvua inapiga bati za maduka. Costansia amekaa na mabegi, macho dirishani. Melkiory alitusindikiza, akapiga saluti, akarudi kwenye benchi lake.

Kokugonza amekuja. Ametoka Nyakasimbi kwa miguu na mvua hii, jani la mgomba kichwani, kibuyu kwenye mkono uliopona. Nilishuka. Alitaka kupiga magoti kwenye tope, nikamzuia, akapiga hivyo hivyo.

"Nimesikia unaondoka, waitu."

"Naondoka."

"Nimekuletea cha njiani."

Nikakipokea kwa mikono miwili, mbele ya abiria wote, nikiwa na sare. Hakuondoka. Alisimama akipangusa maji usoni, upande wenye jicho na upande usio nalo.

"Huyu anayekuja," akasema, "anakunywa?"

Nilimwona Kahigi na daftari lake, na chai yake aliyoiacha ipoe mezani kwetu mwezi wa Julai. Dereva akapiga honi.

Nikamwambia sijui.